Norfolk, San Diego au Yokosuka? Usianzie Hapo

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja kutoka Columbus, Ohio, sauti imejaa furaha. "Shikamoo mjomba. Mtihani nimepita. Sasa nishauri, San Diego ama Hawaii?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza amepewa kazi gani. Akasema hilo bado, afisa wa uandikishaji ameahidi watalizungumza wiki ijayo. Ila video za fukwe alikuwa ameshazitazama zote.

Sikumcheka. Mwaka 2012 mimi mwenyewe niliingia Jeshi la Wanamaji la Marekani na swali hilo hilo mdomoni, na ilinichukua karibu miaka mitatu kujua kwamba nilianzia mkiani. Nimekulia Likoni, mwendo mfupi wa matatu kutoka Mtongwe waliko wanamaji wa Kenya, kwa hiyo manowari hazikunitisha. Kilichonisumbua ni karatasi, pesa na kalenda. Nilitumikia miaka minane nikiwa karani wa stoo: minne na nusu kwenye destroya moja yenye makao Norfolk, iliyobaki kwenye maghala ya Yokosuka, Japani. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia kijana siku ile na siku zilizofuata. Nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Wapo waliokuja kwa bahati nasibu ya viza kutoka Mombasa, Tanga na Kigoma, na wapo watoto wa Kikongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambao leo wanaishi Kentucky, Texas na Arizona. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kujiunga, na tangu 2022 umri wa mwisho wa kuingia ni miaka 41, kwa hiyo hata baba wa watoto watatu anaweza kuniuliza swali la mpwa wangu.

Jibu langu ni hili: chagua kazi kwanza, nyoosha karatasi zako, panga pesa, halafu ndipo uulize mji. Vijana wengi huanza na mji, na kazi wanaichukua ile iliyobaki mezani.

Kwa wanamaji, kazi ndiyo inayokupeleka mahali. Meli zinazobeba ndege za kivita zina makao machache tu: Norfolk, San Diego, eneo la Bremerton katika jimbo la Washington, na Yokosuka. Ukisomea kazi ambayo ipo kwenye meli hizo tu, orodha yako ya miji imeshakatwa kabla hujaandika ombi lolote. Nyambizi nazo zina bandari zake. Watabibu wa wanamaji wana habari nyingine kabisa: Marine Corps haina watabibu wake, inatumia wa wanamaji, kwa hiyo kijana aliyetaka uuguzi wa hospitali yenye kiyoyozi anaweza kujikuta amebeba mkoba wa dawa nyuma ya askari wa nchi kavu. Si kazi mbaya. Ila aijue kabla ya kutia sahihi.

Jihadhari na kuingia bila fani. Njia hiyo ipo, na mara nyingi ndiyo ya haraka kuondoka nyumbani: unaingia kama kibarua wa sitaha au wa chumba cha injini, fani utaitafuta ukiwa kazini. Nimewaona waliofanikiwa. Nimewaona wengi zaidi wakikwangua kutu na kupaka rangi mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu unaingia. Kama afisa wa uandikishaji anakuambia kazi uitakayo haipo mwezi huu, mwambie utarudi mwezi ujao. Yeye ana hesabu yake ya mwezi ya kutimiza, wewe una miaka minne au mitano ya kuishi. Kama ameahidi bonasi, hakikisha imeandikwa ndani ya mkataba. Hulipwi siku ya kuapa bali baada ya kumaliza mafunzo ya fani, inakatwa kodi, na ukishindwa mafunzo huioni.

Sasa karatasi. Asiye raia hawezi kupewa kibali cha kuona siri za serikali, kwa hiyo kazi za nyuklia, ujasusi na mitambo ya kompyuta zimefungwa kwake. Zilizobaki ni kama upishi, stoo, injini za dizeli na kazi za sitaha. Ndiyo maana Waafrika wengi utawakuta jikoni na stoo, na watu husema tunapenda chakula. Tunapenda, lakini si hiyo sababu.

Uraia wenyewe unakuja haraka jeshini kuliko uraiani. Kwa amri ya rais ya mwaka 2002, iliyohesabu kuanzia tarehe 11 Septemba 2001, anayetumikia kipindi hiki anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka mitano ya kawaida, na bila kulipa ada. Fomu ni mbili: N-400 ya maombi na N-426 ambayo jeshi linathibitisha kwamba unatumikia kwa heshima. Hiyo ya pili inahitaji sahihi ya mkubwa wako, na mkubwa wako ana mambo elfu. Usiiache mezani kwake ukaenda kulala. Ifuatilie kila Ijumaa mpaka itoke. Jua pia kwamba uraia uliopatikana hivyo unaweza kufutwa ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema.

Ukishakuwa raia na kuomba kibali cha siri, utajaza fomu inayoitwa SF-86, na hapo ndipo wetu wengi hushtuka. Inauliza ndugu wako wa nje ni akina nani, na inauliza kama umewahi kumsaidia kwa pesa mtu yeyote asiye raia wa Marekani. Kwetu sisi hilo ni kama kuulizwa kama umewahi kunywa maji. Jibu ni ndiyo, na usidanganye. Kumtumia mama pesa si kosa. Kosa ni kuficha. Tangu siku ya kwanza tunza risiti za kila unachotuma: tarehe, jina, kiasi, sababu. Mimi nilikuwa na daftari la kurasa 96, lile la shule, na mpelelezi aliyenihoji alilifungua, akapitia "karo ya Mwanaisha" na "bati la jikoni", akalifunga, akaendelea na swali jingine. Risiti hizo zina faida ya pili. Ukithibitisha kwamba unabeba zaidi ya nusu ya matumizi ya mzazi wako, unaweza kuomba asajiliwe kama tegemezi wako.

Maisha ya kila siku nitayapitia kwa ufupi, maana hayo hayasomwi, yanazoewa. Mafunzo ya awali ni Great Lakes, kaskazini ya Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Wanamaji wote wapya wa Marekani hufundwa pale, kwenye maji baridi, na ukifika Januari ni baridi kwa maana zote mbili. Ni wiki tisa au kumi hivi za kukunja nguo na kupigiwa kelele. Yanapita.

Kitakachokukuta melini ni kitanda. Vimepangwa vitatu kwenda juu, kila kimoja kina upana wa mlango wa chumba, na pazia moja ndilo nyumba yako. Ukiinua godoro unakuta sanduku la chuma lenye kina cha kiganja na nusu. Humo ndimo zinamoingia sare, kanzu ya Idi, na kopo la pilipili alilofunga mama. Juu yako mtu anakoroma, chini yako mwingine ameamshwa saa nane za usiku kwenda zamu. Kijana asiye na mke na mwenye cheo cha chini hulala humo hata meli ikiwa imefunga gati, au apate nafasi kwenye bweni la kambi. Tena kila baada ya siku chache, bandarini pale pale, unabaki melini saa 24 kwa zamu ya ulinzi. Kwa hiyo anayekuambia anaishi San Diego, muulize usiku ngapi kwa mwezi.

Nilifunga Ramadhani tatu baharini. Nilimweleza mpishi mmoja, Mfilipino na Mkatoliki, na kuanzia siku ya pili akawa ananiwekea sahani ya futari iliyofunikwa kwa karatasi ya bati. Sema mapema, watu watakusaidia. Ukinyamaza utakula biskuti.

Pesa ndiyo imenifanya nishike kalamu. Mwaka 2025, kuanzia Aprili, mwanajeshi wa cheo cha chini kabisa aliyepita miezi minne ya kwanza alilipwa mshahara wa msingi wa dola 2,319 kwa mwezi, kwa mafungu mawili, tarehe 1 na tarehe 15. Kitanda bure, matibabu bure, chakula kimeshahesabiwa. Ukizigeuza ni karibu laki tatu za Kenya, na hapo ndipo mgogoro unapozaliwa, kwa sababu nyumbani mtu anayepokea laki tatu ana gari, shamba na msaidizi wa kazi. Hakuna anayehesabu kodi ya serikali, makato ya uzeeni, bima, nauli, simu. Chukua taarifa yako ya mshahara ya mwezi wa tatu, piga picha mstari wa mwisho, mtumie mzazi mmoja unayemwamini. Mmoja tu. Huyo ndiye atakayekusemea kikaoni.

Halafu weka kiasi maalumu cha nyumbani na siku maalumu ya kukituma. Nilikuwa natuma kila nilipoombwa, na niliombwa kila tarehe 15 asubuhi. Sijui nani aliwapa ratiba ya serikali ya Marekani. Mwaka wa pili tukiwa safarini, amri ilitolewa kukata mawasiliano ya meli nzima, jambo la kawaida mnapokaribia mahali penye hatari. Siku kumi na moja hakuna barua pepe, hakuna simu. Dada yangu mdogo alikuwa akingoja karo ya chuo, na mlango wa usajili ukafungwa akiwa nje. Akapoteza muhula. Hakunilaumu kwa maneno, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Tangu hapo, kabla ya kila safari nilifungua akaunti ya pembeni, mshahara ukigawanywa wenyewe kuingia humo, na benki ikatuma nyumbani kila tarehe 18 niwe macho au nimelala. Tuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi yake, usipeleke noti dirishani: kuanzia Januari 2026 Marekani inatoza asilimia moja kwa pesa zinazotumwa nje zikilipiwa kwa fedha taslimu.

Kosa langu la pili lilikuwa na magurudumu manne. Nje ya lango la kila kambi kubwa kuna barabara yenye wauza magari, wachora tattoo na wakopeshaji, wote wanakuita "shujaa". Mmoja wao, jina lake halina haja, aliniuzia gari lililotumika kwa dola 14,000, riba asilimia 22, miezi 72. Nilitazama malipo ya mwezi tu: dola 352, nikaona naweza. Jioni Mghana mmoja wa chumba cha injini akachukua kalamu akazidisha: zaidi ya dola 25,000 kwa gari lile lile. Ipo sheria ya mwaka 2006 inayozuia mikopo ya wanajeshi isipite asilimia 36 kwa mwaka, lakini haigusi mkopo wa kununulia gari ambao gari lenyewe ndilo dhamana. Walio barabarani pale wanaijua sheria hiyo kuliko wewe. Ukikwama kweli, kabla ya mkopeshaji yeyote nenda Navy-Marine Corps Relief Society, chama cha msaada kilichoanza 1904, kinachokopesha wanamaji bila riba. Kwa Mwislamu hiyo ni faraja ya ziada. Deni lisilolipika si aibu tu jeshini: linaweza kukunyima kibali cha siri, na bila kibali unaondolewa kwenye fani yako.

Akiba ya uzeeni inaitwa Thrift Savings Plan. Waliojiunga tangu Oktoba 2020 wanaanza kukatwa asilimia 5 bila kuulizwa, na vijana wetu wengi jambo la kwanza wanalofanya ni kuifuta ili watume zaidi nyumbani. Usiifute. Serikali inakuwekea asilimia moja yake tangu siku za mwanzo, na ukishatimiza miaka miwili inakuongezea nyingine mpaka nne. Anayetoka baada ya miaka minne anaondoka na fungu hilo lote. Zamani aliyetoka kabla ya miaka 20 hakupata kitu; mfumo ulibadilika Januari 2018. Anayekwepa mifuko ya riba anaweza kubadili na kuchagua mifuko ya hisa, ila lazima aingie mwenyewe kwenye akaunti na kufanya hivyo.

Upo pia mpango ambao hata maafisa wengine hawautumii: aliyepelekwa eneo lililotangazwa kuwa la vita anaweza kuweka hadi dola 10,000 kwenye akaunti maalumu ya serikali inayolipa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa mwezi aliokuwa huko, mshahara wa askari wa kawaida pia haukatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Safari moja ya namna hiyo, kwa asiyeona haya kuitwa bahili, ndiyo kiwanja cha Kilifi.

Bima ya maisha ni dola 500,000, na analipwa yule uliyemwandika jina. Si anayestahili, si aliyekulea, aliyeandikwa. Kijana akiwa hana mke humwandika baba. Baba anafariki, kijana anaoa, fomu iko vile vile. Mtoto mdogo ukimwandika moja kwa moja, pesa zinaweza kukwama mahakamani zikingoja msimamizi. Ifungue fomu hiyo kila mwaka siku yako ya kuzaliwa, usome jina lililomo. Na ukiacha wakala wa kisheria kabla ya safari, mpe madaraka ya jambo moja lililotajwa, tuseme kuuza gari hili au kulipia nyumba hii. Rafiki yangu alimwachia mchumba wake madaraka ya jumla, akarudi akakuta akaunti tupu na mlango umebadilishwa kitasa. Mawakili wa kambi huandika hati hizo bure.

Haya, sasa mji.

Kituo cha kwanza kwa kawaida kinachaguliwa ukimaliza mafunzo ya fani: kunakuwa na orodha fupi, na waliofanya vizuri darasani mara nyingi hutangulia kuchagua. Soma, basi. Baada ya hapo utakaa melini miaka mitatu hadi mitano kulingana na fani, kisha nchi kavu, kisha melini tena. Muda wa kuhama ukikaribia unaingia kwenye mtandao wa jeshi, unaona nafasi zilizopo, unaomba, na wapangaji walioko Millington, Tennessee, mahali pasipo na bahari kabisa, wanaamua. Anza kuangalia nafasi mwaka mmoja kabla. Anayengoja mpaka miezi ya mwisho hupewa kilichobaki.

Swali muhimu kuliko mji ni hili: hiyo meli iko wapi katika kalenda yake? Meli ina miezi ya mazoezi, miezi ya safari, na miezi ya chelezo. Safari yenyewe inaweza kurefushwa. Dwight D. Eisenhower iliondoka Norfolk Oktoba 2023, ikakaa Bahari ya Shamu ikizuia makombora ya Wahuthi, ikarudi Julai 2024. Hiyo ni miezi tisa, lakini angalau ni ubaharia. Chelezo ni kitu kingine. George Washington iliingia matengenezo Newport News Agosti 2017, ikatoka Mei 2023. Wapo vijana waliomaliza mkataba mzima wa wanamaji bila meli yao kusogea: kelele za nyundo mchana na usiku, vumbi, maegesho ya gari mbali, umeme na maji yakikatika, na wengine wakilala humo humo. Aprili 2022 mabaharia watatu wa meli ile walijiua ndani ya wiki moja, na ndipo nchi nzima ikasikia. Kwa hiyo ukiona jina la meli kwenye orodha, usitafute picha za mji. Tafuta habari za meli: imetoka chelezo lini, inaingia lini. Na ukiwa umeshaangukia huko, na usiku ukawa mzito, piga 988 kisha bonyeza 1; kasisi wa kambi naye huzungumza na watu wa dini zote na siri zako hazitoki kwake.

Norfolk ndiyo kambi kubwa kuliko zote duniani za wanamaji. Si mji wa kuringia, joto lake la Julai linafanana na Mombasa bila upepo, lakini nafasi ni nyingi, na ukitaka kubadili meli bila kuhamisha familia, hakuna kama hapo. Kodi za nyumba zinavumilika. San Diego ina hali ya hewa ya peponi na posho ya nyumba kubwa zaidi, ila posho hiyo inahesabiwa kufuata kodi za pale pale, kwa hiyo haikuachii kitu. Kijana asiye na mke wala cheo haipati kabisa. Ndiyo sababu utasikia mapendekezo ya ajabu: funga ndoa ya karatasi na binti fulani, mgawane posho. Ni udanganyifu, mahakama ya kijeshi inamfunga anayeufanya, na kwa asiye raia unaharibu na uraia.

Kuhusu kodi ya jimbo: kupelekwa Virginia hakukufanyi mkazi wa Virginia. Aliyejiunga akiwa mkazi halali wa Texas au Florida, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, anabaki hivyo popote atakapopelekwa. Na mkataba wa kupanga nyumba unaweza kuuvunja kisheria ukipata barua ya uhamisho. Mpe mwenye nyumba taarifa ya maandishi na nakala ya barua, usimwage machozi kwa simu.

Yokosuka naikumbuka kwa upendo, na nakiri nina upendeleo. Wamarekani wenzangu walikuwa wakitetemeka kuendesha upande wa kushoto. Mimi niliona nimerudi nyumbani. Magari ni yale yale: Probox, Vitz, Noah, usukani kulia, ila kule bado hayajapanda meli kuja Mombasa. Nilinunua Vitz kwa bei ya simu nzuri, taslimu, nikamlipa yule wa asilimia 22 mapema. Ubaya wa Japani ni saa. Ukimaliza kazi jioni, Likoni ni mchana na wote wako kazini; nyumbani wakitulia usiku, wewe umelala. Na meli za kule hutoka mara kwa mara kuliko za Marekani.

Watu wetu pia huniuliza Djibouti, ambako wanamaji wanaendesha Camp Lemonnier, wakidhani watakuwa wanaruka kwenda kwa mama wikendi. Hapana. Unakwenda bila familia, unaishi ndani ya uzio, na ruhusa ya kutoka kwenda nchi nyingine inaombwa mapema na kupitia mikono mingi. Pwani yetu utakuwa nayo karibu kwa ramani, mbali kwa miguu. Likizo ni siku 30 kwa mwaka. Zilimbikize, zitumie baada ya kituo hicho.

La mwisho ni msiba. Ndugu akifa Tanga wewe uko baharini, ujumbe unaoaminiwa na nahodha ni ule wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, si meseji ya binamu. Familia inatakiwa kuwapa jina lako kamili kama lilivyo jeshini, tarehe ya kuzaliwa, na jina la meli. Na hapo ukoo wetu unagongana na fomu zao: wao wanatambua mzazi, mke au mume, mtoto, kaka au dada. Mama mdogo aliyekulea tangu una miaka minne anaweza kuhesabiwa mahali pa mzazi, lakini ueleze mapema, pawe na maandishi. Mwenzangu wa Bukavu hakueleza. Aliyemlea alizikwa yeye akiwa zamu.

Mpwa wangu alirudi kwa afisa wa uandikishaji mara tatu. Mara ya tatu nafasi ya fundi wa dizeli ikawa imepatikana, akatia sahihi. Jina lake la kijeshi na namba ya Msalaba Mwekundu dada yangu ameyabandika kwenye mlango wa friji. Kituo alichopata ni Sasebo, Japani. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo.